Kuku wa Madoa kutoka Midia

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua banda saa kumi na mbili na nusu. Mlango umekwama tena. Wani aliupigilia misumari huku anaongea na simu, na mume wangu huyo mambo mawili kwa pamoja hayawezi. Nimeupiga teke, ukafunguka.

Matetea watano, jogoo mmoja. Wazima wote. Niliwanunua soko la Inde mwezi uliopita, wakiwa hawajaanza kutaga. Leo kuna yai. La kwanza! Dogo, lina damu kidogo upande mmoja.

Nimelichemsha nikalila nimesimama, Wani bado amelala. Nilipokuwa msichana nilinyonyoa kuku wangapi? Nilipika, nikaonja chumvi kwa ncha ya ulimi, nikatema. Kuku na mayai vilikuwa vya wanaume. Sisi tulikula mboga tukanyamaza. Ndiyo maana nina kuku. Sitaki kuulizwa tena kwa nini.

Jumatano, 5 Machi

Driciru, jirani yangu, amepita na daftari anaandika kuku wa kila nyumba. Chupa moja ya chanjo ya kideri inatosha kuku mia, na ikifunguliwa lazima iishe siku hiyo hiyo. Kwa hiyo lazima tujikusanye. Nusu ya watu wa mtaa wetu huu wa Oli wanaficha kuku wao wasiandikwe. Sijui wanadhani tutawapeleka wapi.

Daktari wa mifugo atakuja Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 15. Ametoa agizo moja, na amelirudia mara tatu: kuku mgeni asichanganywe na wenyeji kabla ya wiki mbili. Nimeandika kwa chaki yangu ya kushonea kwenye mlango wa banda: HAKUNA MGENI. Wani amecheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Midia bila taarifa. Kwapani, kuku. Tetea wa madoa meupe, mnene, jicho kali.

"Nilisikia wewe naanza kufuga. Hii ni ya kwako."

Nikapiga magoti nikapokea kwa mikono miwili. Ningefanya nini? Kwao kuku wa zawadi hulala na wenzake siku ile ile. Ukimtenga umesema kaja na jambo baya, na aliyemleta pia.

Nimemfungia tengani nyuma ya jiko. Nimemwambia Mama kuku amechoka na safari, apumzike kwanza. Neno ugonjwa halikunitoka. Mbele ya mama mkwe ulimi wangu unakuwa wa mtoto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoka sokoni kushona, nikakuta tenga tupu. Kuku wa madoa yuko bandani, anakunywa kwenye bakuli moja na wangu.

Wani ndiye aliyemtoa. Mama alimwambia kuku amepumzika sasa, mbona bado amefungwa. "Mama alikuwa nataka kulia. Mimi nafanya nini?"

Nimemtukana kwa Kilugbara, lugha ya kwetu, ili Mama asishike yote. Nadhani ameshika mengi. Alikaa kwenye mkeka anachambua maharage, hakuinua kichwa.

Chaki ipo pale pale mlangoni. HAKUNA MGENI. Mume wangu alisoma mpaka sekondari.

Jumapili, 9 Machi

Mama amerudi Midia. Nimemsindikiza mpaka stendi. Amenishika mkono muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu siku kichwani.

Jumatano, 12 Machi

Tetea wa kahawia hakutoka. Amejikunyata, macho amefumba, kinyesi cha kijani. Nimempa maji kwa kijiko. Driciru anashauri pilipili, mwingine majivu. Nimewapa vyote. Upumbavu. Nilijua ni upumbavu hata nilipokuwa natwanga.

Wa madoa anakula vizuri sana. Namchukia.

Alhamisi, 13 Machi

Wawili wamekufa. Mmoja shingo ilijipinda mpaka akawa anatazama mgongo wake. Sitasahau.

Ijumaa, 14 Machi

Jogoo. Matetea wawili.

Wani ameniambia nisikasirike, ni kuku tu. Nimemrushia sufuria. Haikumpata. Nasikitika kwamba haikumpata.

Jumamosi, 15 Machi

Wa mwisho amekufa alfajiri. Yule aliyetaga yai langu la kwanza.

Daktari alifika saa tatu na chupa yake kwenye barafu. Hakuingia kwangu. Alisimama barabarani akauliza kama kuna kuku mgeni aliyeingia. Nikasema yupo. Majirani wote walinisikia. Driciru aliwapeleka kuku wake upande wa pili wa barabara, hakuniaga.

Daktari anasema wa madoa huenda aliugua huko kwao akapona, akaja na kideri mwilini. Asitoke nje ya uwanja wangu. Nizike waliokufa shimo refu, nimwage chokaa, nisilete kuku mwingine mpaka aseme yeye.

Nimechimba mwenyewe. Wani alitaka kusaidia, nikamnyang'anya jembe. Hasira hii si yake yote. Mimi ndiye niliyesema kuku amechoka. Ningesema neno moja la kweli, Mama angenuna siku mbili, basi. Nilitaka kuonekana mkwe mzuri. Haya, nimeonekana.

Jumanne, 18 Machi

Nilinoa kisu. Wa madoa nikamkamata, nikamkanyaga mabawa.

Wani akatoka na simu mkononi. Alikuwa anaongea na dada yake aliye Midia. Kuku wa Mama walikufa mwezi wa pili, kumi na wanane. Watu wa kule walisema ni upepo, utapita. Alibaki mmoja tu. Mama akasema huyu ana nguvu, huyu ndiye wa kumpa mke wa Wani aanzie.

Nimekaa chini pale pale, kuku chini ya mguu. Nilitaka sana kuendelea kukasirika na mwanamke yule. Nimeshindwa, na hilo nalo linaniudhi.

Nimemwachia kuku. Amenidonoa kifundo cha mguu.

Jumapili, 30 Machi

Mama amekuja tena. Mikono mitupu safari hii. Alisimama mbele ya banda, akaangalia chokaa, hakuuliza. Dada yake Wani alikwishamwambia.

Nikasema nililopaswa kusema siku ile: "Mama, kuku ilikuwa na ugonjwa. Niliogopa kukuambia."

Akajibu, "Na mimi sikujua." Kisha, "Nilileta ile mzuri."

Wa madoa anataga tangu Ijumaa. Leo nimechukua yai lake, nimelichemsha, nimelimenya, nikaliweka kwenye sahani mbele ya Mama na chumvi kidogo. Ana miaka sabini na kitu. Hajawahi kula yai. Wani akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Mama aliligeuza kwanza. Akamega kipande kidogo kama dawa. Akala lote, mpaka kiini kilichobaki kidoleni.

"Iko ingine?"

Nikamwambia hakuna, kuku ni mmoja. Tungoje kesho.