Faida Isiyolipa Mishahara

Mume wangu,

Ijumaa iliyopita tulipoteza mashine ya kuranda mbao. Niliiuza ili mafundi wapate mshahara. Taarifa ya hesabu uliyoniachia inaonyesha faida, na nakumbuka ulivyonitania: "Cheka basi, bosi wangu, tumetajirika!" Lakini vitanda vyote ulimkopesha mwenye hoteli, ukaviandika kuwa mauzo, naye hajatoa hata senti. Faida ipo, pesa iliyoingia haipo.

Karakana nitaiendesha. Kinachonishinda ni jioni: bado napakua sahani mbili, kisha yako nairudisha sufuriani.

Hilo tawi unalosema unafungua huko halina mtaji, na unajua kuwa najua. Kama ni aibu inayokuzuia, hoteli nitaidai mimi. Wewe unarudi au hurudi? Nijibu kabla ya Jumamosi saa sita mchana.

Mkeo