Tangi Lisilo na Rangi

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Mimi mzima, ila nina maneno mengi.

Uliniuliza kwenye simu mbona roketi mliyoiona kwenye televisheni ilibeba tangi la kahawia, wakati miaka yote umewatambia majirani kwamba weupe wa tangi ni kazi ya mdogo wako. Nikababaika, nikasingizia mtandao. Nisamehe, nitaeleza.

Tangi lile la mafuta ni refu kuliko jengo la ghorofa kumi, na mafuta yake ni baridi kuliko barafu. Kwa hiyo hufunikwa kwa povu gumu, nasi tulikuwa tukipaka rangi nyeupe juu ya povu ili jua na mvua visiliharibu. Mhandisi wetu, tuliyembandika jina Mama Mizani kwa kuwa hupima hata nati, alitufundisha kwamba kila kilo inayotoka kwenye tangi ni kilo ya mzigo inayofika angani. Kuta za chuma alikwishazikwangua hadi basi. Ndipo akaigeukia rangi. Ukiipima yote, dada, ilikuwa na uzito wa watu wanane walioshiba.

Akaanika vipande vya povu tupu, juani na mvuani, akanikabidhi mimi msimamizi wa wapaka rangi nivichunguze. Alisema neno langu ndilo atakalowapelekea wakubwa. Kila asubuhi nilivigeuzageuza nikiomba nikute ufa. Sikuukuta. Viligeuka kahawia tu, kama ganda la mkate.

Siku ya kurusha tulisimama mbali, ng'ambo ya bwawa. Mwanga ulitangulia bila sauti, kisha mngurumo ukatufikia, ukatutikisa mbavu. Kitu kikubwa kama jengo kiliachana na ardhi, polepole, halafu kikapanda mpaka kikawa kama nyota mchana. Mahali pa uzito wa rangi palifungwa mtambo wa kutazama mawingu ya mvua. Mama Mizani alinishika mkono. Miaka yote nilikuwa naitazama rangi yangu. Siku hiyo niliiona roketi. Nililia, wala sikuona aibu.

Sasa lile lililonikwama kooni. Ni mimi niliyesema rangi haihitajiki. Ningedai povu linaoza, nani angenibishia? Nilijua nakitia mchanga kitumbua changu mwenyewe. Kitengo chetu kimefungwa. Wenzangu wamehamishiwa kwenye povu. Mimi daktari amenikatalia, kifua changu unakijua. Narudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Mama akiuliza, usiseme nimefukuzwa, maana sikufukuzwa. Mwambie mwanawe alipunguza mzigo, na kitu kizito kikapaa.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani pia, hata wale watakaokucheka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mpaka rangi