Mgongo Wako Sikuutaja

Mke wangu Mama Eliza,

Tangu tukuzike pale juu ya shamba la karoti, leo ndiyo mara ya kwanza nakuandikia. Ule mwandiko uliokuwa ukiusifu umeharibika. Juzi daktari alizungumza na Eliza nje ya mlango, akidhani nimelala, nami nikasikia siku zangu ni chache. Kwa hiyo acha niseme lile ambalo miaka yote nimelikwepa.

Unakumbuka Alhamisi ile jumuiya ya kanisa ilipokutana kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, lakini mwinjilisti akakuomba wewe utuongoze kwa sala. Ulifumba macho, ukamweleza Mungu habari za siku: kabichi za bondeni zimeingia wadudu, mbuzi amemkataa mtoto wake, na mguu wa Bi Zaina umevimba tena. "Unamjua, Bwana, yule Mwislamu jirani yetu, anayetuletea maziwa." Niliona aibu. Uliposema amina, nikauliza mbele ya wote, "Mama Eliza, hiyo ni sala au taarifa ya bwana shamba?"

Wakacheka. Na wewe ulicheka, ukaenda jikoni kuangalia chai. Hukurudi mpaka watu walipoanza kuaga.

Toka siku ile, ukiombwa kusali ulijibu, "Mwalimu yupo." Nikadhani ni heshima. Nikawa nasali kwa niaba ya nyumba nzima, sala ndefu zenye mpangilio, kama hotuba za kufunga shule. Vijana wa kipaimara niliwafundisha kwamba roho hudhoofu isipolishwa, na yako nilikuwa nimeinyang'anya chakula mezani pangu.

Asubuhi moja nilikufuata shambani na panga ulilosahau. Ukungu ulikuwa mzito, hukuniona. Nilikusikia kwenye tuta la chini ukiongea Kishambaa, taratibu, ukicheka katikati, kama unapiga soga na shoga yako. Ulikuwa unamsimulia Mungu habari zangu, kwamba kichwa kinaniuma nikisahihisha madaftari. Nikakanyaga kijiti. Ukanyamaza, ukainamia karoti.

"Umefika, Mwalimu?"

Ningeweza kukuambia uendelee. Nilikupa panga, nikarudi nyumbani.

Halafu ile wiki ya mwisho. "Baba Eliza, niombee," ulisema. Nilisimama kando ya kitanda nikaliombea kanisa, taifa, wagonjwa wa dunia nzima. Nilipomaliza ulinitazama.

"Asante. Ila mgongo hukuutaja."

Nikasema Mungu anajua. Ukageukia ukutani. Kesho yake, kabla ya mchana, hukuwepo tena.

Siku hizi jumuiya huja kwangu, maana kilima cha kanisa sikiwezi. Nikiombwa kusali, maneno hutoka safi kama zamani, lakini ndani pamekauka. Maisha yangu yote nimewaeleza watu habari za Mungu. Yeye mwenyewe sijawahi kumwambia kitu. Naogopa kufa, Mama Eliza. Nakwenda kwa mtu ambaye wewe ndiye uliyekuwa ukiongea naye.

Jana Bi Zaina alileta maziwa, anachechemea vilevile. Akaketi, akapumua.

"Mwalimu, tangu mwenzio aondoke, mguu wangu umekosa mtetezi. Au wewe huombei miguu?"

Alikuwa anatania. Alipoondoka nilijaribu. Nikautaja mguu wake, ule wa kulia. Kisha nikasema, "Bwana, mgongo wa mke wangu ulikuwa unauma, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Nimechelewa kukuambia." Nikalia.

Nisamehe. Najua sitangoja sana. Ukiniona nafika, usininyamazie kama siku ile ya ukungu. Ongea naye tu, habari za kabichi, za mbuzi, za lolote. Mimi nitakaa karibu nisikilize.

Mumeo,
Baba Eliza