Kuimba bila Kibali

Jumamosi, 1 Agosti 1992. Kitale

Nimepiga randa kitanda cha mwalimu tangu asubuhi. Bado kinayumba. Vitanda vyangu vyote huyumba kidogo. Nimezoea kulaumu sakafu za wateja.

Mwanangu Simiyu hashikiki. Kutwa anagonga njuga zake za chuma, anacheza peke yake uani. Anatahiriwa Ijumaa ya tarehe kumi na nne, nyumbani Misikhu. Ni mwaka wetu wa tohara. Ukipita, Wabukusu hatukati tena mpaka tisini na nne. Kijana tayari ananipita urefu. Akingoja miaka miwili zaidi, wenzake watamcheka mpaka ahame wilaya.

Mke wangu Nekesa anasema nimefurahi kuliko mtoto. Kweli.

Jumatano, 5 Agosti. Misikhu

Tumefika. Shemeji Barasa alitupokea kwa wimbo kabla hatujashusha mizigo. Ndiye kaka pekee wa Nekesa, na ndiye mwimbishaji wa kijiji kizima. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa siku hizi za tohara: huchinja ng'ombe na kumvisha kijana nyama shingoni. Bila nyama ya mjomba, kijana hakatwi. Kwisha.

Nilijaribu kuitikia. Barasa akaniambia, "Shemeji, wewe piga makofi tu."

Alhamisi, 6 Agosti

Siku mbaya.

Tulipita sokoni tukialika jamaa. Simiyu mbele na njuga, Barasa anaimbisha, watu kama hamsini nyuma. Msimu huu mwimbishaji humtania yeyote, tajiri au pasta, na hakuna anayekasirika. Mimi aliniimba kwa vitanda vyangu. Nilicheka. Kisha tukapita mbele ya ofisi ya chifu, akaimba kwamba chifu amenona na kuku wa kijiji wamepungua. Soko likaitikia.

Tangu vyama vingi viruhusiwe, chifu wetu anaona mkutano wa upinzani hata watu watatu wakisimama kununua mandazi. Akatuma askari. Ati mkutano bila kibali. Ati uchochezi. Watu wakatawanyika, Simiyu akaachwa njiani na njuga zake, Barasa akatiwa pingu huku bado anamalizia ubeti.

Mimi nilikimbilia hotelini nikaagiza chai. Naandika ukweli, hakuna anayesoma. Hata chai yenyewe sikuinywa.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeenda kwa chifu kuomba. Nilibeba jogoo, yule mwekundu. Nilivua kofia nikiwa bado barabarani. Chifu alinisikiliza vizuri sana. Akasema atafikiria. Jogoo akaingia ndani ya nyumba. Barasa akabaki ndani ya seli.

Nekesa hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Aliuliza tu, "Baba Simiyu, umeenda kuomba ndugu yangu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani? Kwani ni wa chifu?"

Nalala bila kula, na mimi si mtu wa kulala bila kula.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya ibada pasta alinivuta kando. Kuna wakili Bungoma anayesaidia watu kupitia kanisa. Jina lake Nanjala, na leo alikuwa hapo kanisani. Nilitarajia mzee wa miwani. Ni msichana, angeweza kuwa binti yangu, na anakula muhogo wa kuchoma akizungumza sheria.

Alisema maneno mawili yaliyonikaa kichwani. Kwanza, mtu akikamatwa kwa kosa kama hili lazima afikishwe kortini ndani ya saa ishirini na nne. Barasa ameshapita. Pili, kumpeleka kijana kwa mjomba wake si mkutano wa hadhara. Ni mila, na mila haiombewi kibali.

Nikauliza kama chifu anajua hayo. Akacheka. "Mzee, hata kama hajui, sheria inamjua."

Simiyu hagongi tena njuga. Ameziweka juu ya kabati.

Jumanne, 11 Agosti

Wakili alipeleka ombi jana. Hakimu ameagiza Barasa aletwe kesho. Nilishangilia. Kisha Nanjala akasema anahitaji shahidi aliyekuwepo, na jina alilokuwa nalo ni langu.

Mimi! Mtu anayejificha nyuma ya chai!

Naogopa. Naogopa chifu, askari, na barua za kuitwa ofisini. Baba yangu alinifundisha kumsalimia mkubwa nikitazama chini, na somo hilo nililipata vizuri kuliko masomo yote. Chifu ametuma mtu aseme nirudi Kitale mapema, kuna mvua. Mvua haiko.

Nikifunga mdomo, Barasa atakaa ndani, na mtoto wangu atakosa mwaka wake. Ni hivyo tu. Nimepiga pasi koti la harusi. Halifungi tumboni.

Jumatano, 12 Agosti. Bungoma

Naandika kwa furaha.

Korti ilijaa. Wanawake wa soko walikuja wote. Barasa aliingia amekonda, ndevu zimeota, sauti imekwisha. Aliponiona na lile koti alitabasamu, na nikajua kesho kutwa nitaimbwa.

Inspekta wa mashtaka alitaka kujua wimbo ulisema nini hasa. Barasa hana sauti. Basi nikaambiwa nieleze. Nikaeleza. Haikutosha, ati alitaka kujua kama mtindo wake ni wa uchochezi. Hakimu akanitazama juu ya miwani: "Imba, mzee."

Nikaimba. Mungu anisamehe. Mlango wa korti ulifunguka, watu wa nje wakidhani kuna mgonjwa. Lakini nilipofika kwenye kiitikio, wale mama wa soko wakaitikia kabla hawajajizuia. Karani akagonga meza. Hakimu alikuwa ameshika mdomo kwa leso.

Inspekta akauliza kwa ukali, "Kwa hivyo wewe unadai chifu anakula kuku wa watu?"

Nikasema, "Afande, wa wengine sijui. Wangu aliingia kwake Ijumaa na hajatoka."

Korti ikavunjika mbavu. Sikukusudia kuchekesha. Niliapa kusema kweli.

Hakimu akasema taratibu: Sheria haikutungwa ili watu wasicheke. Wasindikizaji wa kijana wa tohara si mkutano wa kuombewa kibali. Na akawauliza polisi kwa nini mtu amekaa seli karibu wiki nzima bila kuletwa mbele yake. Kesi ikatupwa. Barasa akatoka kwa mlango wa mbele, ule wanaopitia mawakili.

Nanjala alinipa mkono. "Mzee, umesaidia. Lakini usiimbe tena."

Ijumaa, 14 Agosti. Misikhu

Simiyu amesimama mbele ya kisu. Alfajiri, matope ya mto mwili mzima, nyama ya mjomba shingoni tangu jana. Hakupepesa jicho. Nililia mimi.

Barasa aliimbisha kwa sauti ya chura aliyepata mafua. Mchana chifu alikuja, mkongojo mkononi. Barasa akamtazama, akaanza ubeti uleule wa kuku. Sote tukangoja. Chifu akasimama kidogo. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaomba pombe ya busaa kama mtu mwingine yeyote. Nekesa akamletea. Hakumwaga hata tone. Mimi nilimwaga yangu kwa niaba yake.

Jumapili, 23 Agosti. Kitale

Mvua ndogo. Simiyu anapona huko kwa mjomba.

Jioni majirani wa upande wa mtaa wa Kipsongo walikuja karakanani kwangu. Mtaro wa maji machafu umeziba, watoto wanaharisha. Tangu mwaka jana tunaogopa kukaa pamoja tuuzungumzie. Mama wa samaki akauliza kama tuna kibali. Wote wakanigeukia. Sikujifanya mjuaji. Nikasema tu kwamba majirani kuzungumza mtaro wao si kosa, na akija mtu kuuliza, nitamjibu mimi.

Tukakaa juu ya mbao. Tumekubaliana kuchimba Jumamosi, kila nyumba jembe moja, na wawili waende manispaa kudai mabomba. Hakuna aliyekuja kutuuliza. Watu walizungumza mpaka giza likaingia, tena kwa sauti ya kawaida.