Ujumbe Mzima wa Kaingu Nyale

MAELEZO YA SHAHIDI
Garsen, tarehe 12 Februari 2025, saa 1:40 asubuhi

Naitwa Kadzo Nyale, umri miaka 36, mkaazi wa Garsen. Nina duka la kuchapisha na kutengeneza kompyuta, kazi niliyojifundisha mwenyewe. Kaingu Nyale, mkulima wa Kilelengwani aliye katika seli ya kituo hiki cha polisi, ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Mnamo tarehe 10 malka, ile njia ya ng'ombe kwenda mtoni, ilizibwa kwa miiba na mchungaji mmoja akaumizwa. Jana Kaingu akakamatwa kwa karatasi yenye mstari mmoja kutoka simu yake: "Kesho fungeni malka, ng'ombe wasinywe." Karatasi ilitoka kwa Levis, karani wa kamati ya amani inayopokea SMS za wakulima na wafugaji.

Jana hiyo hiyo, saa nane mchana, nilimwendea Levis. Alisema faili la SMS lina mistari milioni tisa, mingi ni kumbukumbu za mashine yenyewe, na ukilifungua kompyuta inaganda. Ndiyo maana alitumia skripti ya Python, yaani programu fupi ya kompyuta, inayosoma mstari mmoja mmoja na kutoa ule wenye neno "malka" tu. Nilimuuliza mstari wa juu yake unasemaje. Hakujua. Akacheka, akasema, "Dada Kadzo, hapa si duka la fotokopi."

Nikamwambia, "Levis, nikiyakatakata maneno yako hivyo, hata wewe nitaonyesha umemtukana mamako."

Kicheko kikaisha. Akanipa faili kwenye flashi.

Dukani niliandika skripti yangu: kila penye "malka", nipe na mistari mitano ya juu na mitano ya chini. Haikumaliza dakika. Ujumbe wa Kaingu una mistari minne, na nataka yote iandikwe hapa:

Wazee, nimetumiwa haya, simjui aliyetuma:
Kesho fungeni malka, ng'ombe wasinywe.
Mimi nasema hapana. Wafugaji nao wana watoto.
Njooni leo tuwazuie wanaotaka kufunga.

Uliifikia kamati tarehe 9, saa 12:52 jioni. Hakuna aliyeusoma. Aliyewaita ndiye aliyefungwa.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nitayarudia mbele ya hakimu yeyote.

Sahihi: K. Nyale

Maandishi ya afisa: Shahidi alikataa kutia sahihi mpaka mistari minne ilinganishwe na faili mbele yake. Nimelinganisha, ni sawa. Kaingu Nyale hapelekwi kortini leo. Levis ameitwa, aje na faili zima.
Koplo Hiribae