Alisema Nne, Mume Wangu Akasikia Kumi

Mpendwa Shangazi Geng,

Nisaidie, nakuomba, na jina langu usilichapishe, maana hapa Honghu gazeti lako husomwa hata na wauza maandazi kabla hawajafungia maandazi yao. Sisi tuna bwawa moja tu la samaki, na kiangazi hiki tuliletewa afisa ugani, Binti Luan, msichana mpole wa kaskazini, ila ulimi wake ni wa kwao, na siku lile fukuto lilipokaza kabla ya mvua alipita kwetu na pikipiki akasema, "Mjomba Peng, leo hewa majini ni haba, walishe washibe sehemu nne tu kati ya kumi," akainua vidole vinne, mimi nikaviona, lakini mume wangu alikuwa amempa mgongo akimtafutia chai nzuri, maana mgeni ni mgeni, na wewe unajua kwa Kichina cha wenzetu wa kaskazini nne ni "si" na kumi ni "shi", na sisi huku zote hutamka "si", basi yeye akasikia kumi. Mimi nikaenda zangu kuchimba mizizi ya yungiyungi, niliporudi akaniambia, "Leo wameshiba kama maharusi," nikadhani anatania.

Asubuhi bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Mimi nililia, yeye akatafuta wa kumlaumu: "Katumaliza yule mtoto! Kumi kati ya kumi, nimesikia kwa masikio yangu!" Na majirani ambao samaki wao walikufa kwa uvivu wao, mmoja mashine yake ya kupulizia hewa kuku wanatagia ndani, nao ghafla wakakumbuka kwamba walisikia kumi. Sasa siku ya gulio wanakwenda kwa wakubwa kudai aondolewe, na mume wangu ameniambia, "Mama Yaling, wewe ndiye shahidi wangu, utasema ulichosikia," nami nikamwongezea wali. Juzi binti mwenyewe alikuja, macho mekundu, akaniuliza, "Shangazi, kwani mimi nilisema kumi?" Nikamwambia mvua inakuja, awahi. Shangazi Geng, mume wangu ni mtu mwema, samaki hana tena, amebaki na heshima yake tu, nikisema kweli ataumbuka mbele ya kijiji kizima, nikinyamaza mtoto wa watu anafukuzwa kazi. Nifanyeje?

Mke Mwenye Macho, Honghu

Mke Mwenye Macho,

Pole kwa samaki. Pole zangu zimeishia hapo. Jina lako nimelificha, na "Peng", "Luan" na "Yaling" nimewabatiza mimi, ingawa naona kijijini kwenu wenye mabwawa matupu ni wengi, kila mtu atadhani anasemwa mwenzake.

Heshima ya mumeo umeilinda vizuri sana. Na ya yule msichana je? Alikuuliza swali la jibu moja, ukamsomea utabiri wa hali ya hewa! Hukuona haya?

Kosa la mumeo ni dogo. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza mayai manne nikaletewa kumi, nikala nikanyamaza. Kusikia vibaya si dhambi, mama. Dhambi itaanza siku ya gulio, na wewe ndiye umeandaliwa kuifungua.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hujapakua, mketishe peke yake, usimwite mama mkwe wala jirani. Mwambie: "Baba Yaling, nilikuwapo. Alisema nne, nikaona vidole." Atafoka, mwache afoke, wali hauungui kwa kelele. Akitulia, mpe mlango wa kutokea: aende mwenyewe kwa Binti Luan kabla ya gulio, aseme ndimi zao zilipishana, kisha awaambie wenzake hivyo hivyo. Watamcheka jioni moja. Akikataa, nenda naye gulioni, na ukiulizwa, sema ulichokiona, kwa sauti. Atakununia, lakini aliyenuna naye husikia njaa. Na yule jirani awatoe kuku kwenye mashine.

Usipofanya hivyo, msichana ataondoka na mtaletewa mwingine. Fukuto likirudi, naye atasema nne, na mumeo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia, atawalisha kumi.

Shangazi Geng