Mashine Yako Imemkataa Wambui

Murera, kwa nyumba ya marehemu Njoroge

Kwa mwanangu Kariuki, Ol Kalou

Hamjambo huko nyumbani? Baridi inawafanyaje, na viazi vya waru vimetoka? Sisi tuko, tunakula na kulala. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ukisikia nimeanza kuongea kwa nguvu unasema uko kwa mkutano. Barua haina mkutano. Soma hadi chini.

Juzi nilienda Ruiru, ile ofisi ya kesi za watoto, wafungue faili za hawa wasichana mayatima wa ndugu zako, zipelekwe korti ya Thika ndio niandikwe mlezi wao. Nilivaa vizuri. Nikamwambia yule msichana wa ofisi kwamba sheria za hiyo kompyuta yao ni kijana wangu anaziweka, akiwa nyumbani kwake. Nilisema na watu wa kwa benchi wakasikia.

Wambui wa ndugu yako Kimani akaingia sawa. Kufika kwa Wambui wa Njoroge, kompyuta ikaandika nyekundu.

"Shosho, huyu ameshaingizwa."

"Aliyeingizwa ni yule pale anakula ndizi."

"Lakini ni Grace Wambui Kamau wote. Mwaka wa kuzaliwa ni mmoja, mlezi ni mmoja. System inasema ni mtoto mmoja ameandikwa mara mbili."

Kariuki, wewe ulizaliwa wapi? Ndugu zako wote wawili kifungua mimba wao alikuwa msichana, na wote wakampa jina langu, ubatizo na yote, vile mila yetu inataka, na nyuma la baba yenu Kamau. Hata wewe ulimpa wako. Najua hiyo sheria ni ya kuzuia wale wanaoandikisha mtoto mmoja mara mbili wapate chakula cha msaada mara mbili. Wapo, nawajua. Lakini mtu akiona watoto wawili wa jina moja si anauliza, "Wewe ni wa nani?" Mashine yako haiulizi, inafunga mlango. Ifanye iulize jina la mama, halafu imwachie yule msichana aamue, kwa maana yeye ana macho.

Unajua alitaka kufanya nini? "Shosho, tumuandike Faith, ipite tu." Nikamwambia aende amtafute huyo Faith kwao. Siku hakimu atamuuliza mtoto jina lake, nitaitwa mwizi wa watoto.

Bila faili huyo mtoto hana mtu mbele ya korti, na afisa amesema anaweza kupelekwa makao ya watoto. Jana nikimsuka akaniuliza, "Cucu, kama wanataka Wambui mmoja, ni mimi nimezidi?" Jibu wewe, kwa kuwa sheria ni yako.

Alhamisi narudi huko na wote wawili. Nikute umerekebisha.

Msalimie mke wako, na umuulize nilimkosea nini hanipigii simu. Msalimie shangazi yako, na mzee anayenikamulia ng'ombe, mwambie asichanganye maziwa ya jioni na ya asubuhi. Na Wambui wako asije huku likizo kwanza. Hapa ameshaandikwa.

Ni mimi mama yako,
Grace Wambui